Maktaba Ni Ghala la Mkulima

Mwezi wa Agosti mwaka jana alikuja ofisini kwetu mzee mmoja wa skimu ya upande wa Bungoma. Alikuwa amefika Kitale kutafuta mbegu, naye akapitia kwetu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyofungwa ndani ya kitambaa. Akaiweka mezani akasema, "Mwalimu, nisomee hapa. Nataka kujua kama shamba hili ni langu." Wazee wengi huniita mwalimu, maana nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani.

Karatasi ile ilikuwa mapatano ya kununua ekari 2. Fedha zilikwisha lipwa zote, na mzee alikuwa ametia dole gumba. Chini kabisa palikuwa na maneno ya Kiingereza kwamba muuzaji na mnunuzi watakwenda pamoja mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kuomba kibali. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa Machi, mwaka uliotangulia. Miezi 17 ilikuwa imepita, na hawakwenda. Mwezi wa Juni muuzaji alifariki, na wanawe wakasema karatasi ile hawaijui.

Ndugu mkulima, sheria yasemaje? Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yasema kwamba shamba la kilimo lililo katika eneo la udhibiti haliuzwi, halikodishwi wala haligawanywi bila kibali cha bodi, na ombi la kibali lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu kufanya mapatano. Kibali kisipopatikana, mapatano ni bure. Fedha zilizolipwa zaweza kudaiwa kama deni, lakini shamba si lako. Mahakama yaweza kuongeza ule muda ikiona sababu ya kutosha, lakini hiyo ni safari nyingine, yenye gharama na mashaka.

Jambo lililoniuma ni kwamba mzee huyu kila siku ya soko huenda Kimilili, na Kimilili pana maktaba ya watu wote. Alipita njia ile miezi 17 akiwa na karatasi yake sandukuni. Nilimwuliza kwa nini hakuingia kumwomba mtu amsomee. Akanijibu, "Nilidhani ni nyumba ya wanafunzi."

Kwa ajili ya neno hilo nimeandika makala haya.

MAKTABA NI YA NANI?

Maktaba ni ghala. Katika ghala la mahindi twaweka chakula cha miezi ya njaa. Katika maktaba watu wameweka yale waliyoyajua na kuyajaribu, ili atakayeyahitaji ayapate siku ya kuyahitaji. Nalo ni ghala lisilopungua, kwa sababu ukichukua maarifa ya kitabu leo, kesho mwenzako atayakuta palepale.

Zamani ghala hili halikuwa la wote. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 1948 lilianzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ambalo pamoja na kuchapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine lilipeleka vitabu mashambani kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1965 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuanzisha Huduma ya Maktaba ya Taifa. Wenzetu wa Tanganyika walikuwa wamepitisha sheria yao mwaka 1963, na maktaba yao kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi wa Desemba 1967.

Katika pande zetu, maktaba za watu wote zilianzishwa katika miji kama Kakamega, Eldoret na Kimilili. Na Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Maana yake ni hii: ukiona mji wako hauna maktaba, au iliyopo haina vitabu vya ukulima, una haki ya kusimama katika baraza la bajeti ya kaunti na kusema hivyo, kama unavyosema juu ya barabara na dawa ya ng'ombe.

Asiseme mtu kwamba mahali petu ni mbali mno. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watu wanaohama na mifugo yao. Ngamia hubeba masanduku ya vitabu na hema. Hema likisimamishwa, hapo ndipo maktaba. Kama kitabu kilifika jangwani kwa ngamia, kitashindwaje kufika Tongaren, Ndalu, Naitiri au Lugari kwa bodaboda?

Na Kitale si mji mgeni kwa mambo haya. Mwaka 1926 mzungu mmoja, Luteni Kanali Stoneham, alianzisha hapa jumba la makumbusho. Kwa miaka mingi alikusanya wadudu, wanyama na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo wake pamoja na fedha za kujenga jumba jipya, nalo likafunguliwa mwaka 1974. Twaweza kupeleka watoto wetu hapo wakaone kwamba mtu akiangalia mdudu kwa makini na kuandika alichoona, kazi yake hudumu baada yake.

NAMNA YA KUTAFUTA KITABU

Watu wengi huogopa kuingia kwa sababu rafu ni nyingi na vitabu ni vingi. Lakini mkulima anajua namba. Ukienda dukani husemi, "Nipe mbegu." Wasema, "Nipe 614," au "Nipe 6213." Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa hapa Kitale mwaka 1956, na tangu mahindi chotara ya 611 yalipotolewa mwaka 1964 tumezoea kuita mbegu kwa namba. Basi, vitabu navyo hupangwa kwa namba. Mpango huu ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, nao hutumika katika nchi nyingi. Zikariri hizi chache:

630 ni ukulima kwa jumla.
631 ni udongo, mbolea na vyombo vya shamba.
632 ni magonjwa ya mimea na wadudu waharibifu.
633 ni mazao ya shambani, kama mahindi na ngano.
634 ni matunda na miti.
635 ni mboga.
636 ni ufugaji wa ng'ombe, mbuzi, kuku na wengine.
637 ni maziwa na vitokavyo katika maziwa.
638 ni nyuki.
334 ni vyama vya ushirika.
657 ni kuweka hesabu.

Namba hizi zimeandikwa mgongoni mwa kitabu na ubavuni mwa rafu. Ukishindwa, mwulize mkutubi. Hiyo ndiyo kazi yake, wala hatakucheka. Mwambie shida yako, usimwambie jina la kitabu usilolijua. Sema, "Ng'ombe wangu ana uvimbe wa kiwele," naye atajua pa kukupeleka.

Kusoma mlemle ndani ya maktaba ni jambo la kwanza. Kuchukua kitabu nyumbani ni la pili, na hapo yakupasa kujiandikisha. Nenda na kitambulisho, uliza ada ni kiasi gani na kitabu hukaa siku ngapi. Ukikichelewesha waweza kutozwa faini. Kama hujamaliza, kirudishe siku yake na uombe uongezewe muda. Maktaba nyingi siku hizi zina kompyuta pia, na kwa kompyuta sheria zote za Kenya husomwa bila malipo, pamoja na ile ya 1967 niliyoitaja.

TUSOME NINI?

Soma kwanza kitabu cha shida uliyo nayo shambani sasa. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia katika mahindi ya magharibi mwa Kenya, na Trans Nzoia na Bungoma zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kupigwa. Wengi walinyunyiza dawa yoyote waliyouziwa, mchana wa jua kali, na viwavi vikaendelea kula. Aliyesoma alijua mambo matatu. Kwanza, alimtambua mdudu: kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba. Pili, alijua kwamba kiwavi akiisha kukua hujificha ndani ya moyo wa muhindi, dawa isimfikie vizuri. Kwa hiyo alikagua mapema na kuponda mayai kwa vidole. Tatu, alijua kwamba wakati wa kunyunyiza ni asubuhi na mapema au jioni. Mambo hayo matatu yaingia katika ukurasa mmoja.

Mfano mwingine ni mashamba yenye Striga, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa icipe na wenzao walionyesha njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya Napier pembeni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, na Napier huwavuta watoke nje ya shamba. Mizizi ya desmodiamu huzuia Striga. Tena desmodiamu hurutubisha udongo na kulisha ng'ombe. Bwana Shamba akikueleza mara moja barazani, nusu utaisahau. Ukiwa na kijitabu, utakirudia jioni ukipima nafasi za mistari.

Pili, soma juu ya ardhi na hesabu. Aliyenunua, aliyerithi na anayetaka kuwagawia wanawe, wote wajue kibali ni nini, hati ni nini, na barua za mkopo wa shamba husomwaje. Mama wa nyumba naye asome mambo haya. Karatasi ya shamba si siri ya mume peke yake, kwa maana mume akifa ni mama atakayeulizwa.

Tatu, soma hadithi. Wako wasemao hadithi ni upuzi wa kupoteza mafuta ya taa. Mimi nasema kwamba mtu hujifunza kusoma haraka kwa kitabu asichotaka kukiweka chini. Nami nitataja vichache.

Siku Njema, cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996. Kijana anasafiri kutoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari inamleta mpaka upande wetu wa Kitale. Mwandishi mwenyewe alizaliwa Bungoma na kukulia Cherangani, akafariki mwaka 2020. Nasikia Sauti ya Mama ni kitabu cha maisha yake mwenyewe. Kidagaa Kimemwozea, pia chake, kilisomwa na watoto wetu wa sekondari, na bila shaka nakala zake ziko chini ya vitanda vingi katika skimu zetu.

Kusadikika, cha Shaaban Robert wa Tanga, kilichotoka mwaka 1951. Ni kitabu chembamba chenye habari za nchi ya kubuniwa na mashauri ya haki, nacho kinafaa kusomwa kwa sauti watu wakizungumza.

Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957-58. Ni habari ya upelelezi, na anayekianza atalala usiku wa manane.

Kwa watoto, chagua vitabu vyenye picha na herufi kubwa. Hapa Kipsongo ninapokaa, nyumba nyingi hazina meza wala taa nzuri, na watoto wengi wa jamaa zilizotoka Turkana husikia lugha moja nyumbani na nyingine shuleni. Jumamosi alasiri mimi na majirani wawili huwasomea kitabu kimoja chini ya mti. Tukimaliza twawaachia wakishike na kukifungua wenyewe. Vitabu vyetu ni 11 tu, lakini wapo watoto waliokwisha kuvisoma vyote na wanataka vingine.

KUSOMA KWA KIKUNDI

Asiyejua kusoma afanye nini? Asikae nje. Mwaka 1973 huko Tanzania kulikuwa na kazi kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi vijijini. Kila wiki walisikiliza kipindi cha redio, mmoja aliyejua kusoma akawasomea kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kisha wakazungumza: kwetu jambo hili likoje? Mwisho walikata shauri la kazi, kama kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba au kusafisha visima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wengi wao walikuwa hawajui herufi, lakini walisoma kwa masikio ya wenzao.

Sisi twaweza kufanya hivyo katika skimu. Njia ni hii:

1. Wawe watu 10 hadi 15, wanaume na wanawake, na siku moja ya wiki isiyobadilika.

2. Msomaji awe mmoja, naye apokezane na wengine. Kijana wa kidato cha nne aliyeko nyumbani anafaa sana.

3. Soma kurasa 3 au 4 tu. Kisha funga kitabu, ulize, "Hapa kwetu ikoje?"

4. Msiondoke kabla ya kukubaliana jambo moja la kufanya kabla ya wiki ijayo. Kikundi kinachosoma juu ya kiwele bila mtu kupima maziwa yake kimepoteza jioni.

5. Mwezi mara moja, mtu aruhusiwe kuleta karatasi yake imsumbuayo isomwe. Lakini karatasi za siri zisomwe na watu wawili walioaminiwa, si mbele ya wote.

SANDUKU LA VITABU

Kama maktaba iko mbali, anzeni na sanduku. Mwulizeni mkutubi wa maktaba iliyo karibu kama anaazima vitabu kwa vikundi na shule. Kisha kusanyeni vile vya majumbani ambavyo watoto wamemaliza. Vitabu 30 vyatosha kuanza.

Sanduku liwe la bati, lenye kufuli, kama lile la mwanafunzi wa bweni. Liwekwe juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Lisiwekwe katika ghala la mahindi, maana panya hatofautishi gunia na kitabu; wala karibu na mbolea na dawa za shamba. Wakati wa mvua nyingi vitabu vitolewe mara kwa mara vipigwe na upepo kivulini, visishike ukungu.

Mtunza sanduku awe na daftari lenye sehemu nne: jina la kitabu, jina la aliyekichukua, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Muda uwe wiki 2. Anayepoteza kitabu alete kingine cha thamani ileile. Na mtunza sanduku asiwe mtu mwenye aibu ya kudai. Masanduku mengi yamekufa kwa sababu mtunzaji aliogopa kumwambia mzee wa kijiji, "Mzee, kitabu kile."

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Mtauliza shauri la yule mzee lilikwishaje. Halijakwisha. Tulimweleza kwamba ajaribu kwanza kuzungumza na wale vijana mbele ya wazee wa ukoo, na kwamba wakikataa, aende kwa wakili aulize habari ya kuongezewa muda, au ya kudai fedha zake. Siwezi kuwaambia kwamba atapata zile ekari 2. Huenda asipate.

Lakini mwezi wa Novemba alirudi, akiwa na mjukuu wake wa kike wa darasa la saba. Walikuwa wametoka Kimilili, ambako yule mtoto alikuwa amejiandikisha katika maktaba. Mzee alileta karatasi nyingine, ya jirani yake, iliyotiwa sahihi wiki 3 zilizopita. Jirani alimpa aje aulizie. Mtoto aliisoma yote kwa sauti mbele ya meza yangu, akasita katika maneno mawili ya sheria, nami nikamsaidia. Kisha mzee akahesabu miezi kwa vidole, akafika sita, akaniuliza bodi hukaa siku gani.

Ndugu mkulima, toa karatasi zako sandukuni jioni ya leo, uzitazame tarehe zake. Ile usiyoielewa, usingoje mtoto arudi likizo. Peleka panaposomwa.